Kupandisha programu laivu bila mkono wa mtu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa vijana wanaotengeneza mifumo ya hoteli, skuli, maduka na ofisi ndogo hapa Unguja na Pemba. Mengine nimeulizwa barazani, mengine kwa simu usiku wa manane, mtu seva yake imeshalala. Yameanzia mepesi kwenda mazito. Ukiwa mgeni wa mambo haya anza juu. Ukiwa na moto unaowaka sasa hivi, ruka hadi swali la 13.

## Mwanzo mwanzo

1. Kupandisha laivu kwa mashine ni kitu gani hasa?

Ni kuiachia mashine kazi yote iliyopo baina ya "nimemaliza kuandika" na "mteja anatumia". Wewe unasukuma mabadiliko yako kwenye ripo ya Git, yaani ghala la msimbo linalokumbuka kila badiliko. Kutoka hapo mashine nyingine, isiyo yako, inauchukua msimbo, inaujenga, inaujaribu, inaufunga uwe kifurushi chenye nambari ya toleo, inakipeleka kwenye seva, kisha inaangalia kama seva bado inapumua. Mfuatano huo nitauita mkondo. Hatua moja ikianguka mkondo unasimama hapo hapo, na laivu, yaani mfumo ule anaoutumia mteja, hauguswi.

Mkondo wenyewe aghalabu ni faili moja la maandishi lililomo ndani ya ripo. Kama unaweza kuandika kwenye karatasi, hatua kwa hatua, jinsi unavyopandisha leo, nusu ya kazi umeshaimaliza. Wengi ninaowapa karatasi hiyo hufika hatua ya nne wakaanza kujikuna kichwa.

2. Niko peke yangu na mteja wangu ni mmoja. Linanihusu?

Linakuhusu kuliko unavyodhani. Nikusimulie. Nilikuwa napandisha mfumo wa hoteli moja ya pwani ya mashariki kwa FTP, njia ya zamani ya kupeleka mafaili kwenye seva moja moja, mamia ya mafaili, kutoka laptopu yangu nyumbani. Katikati ya kazi umeme ukakatika, ruta ikazima. Uliporudi nikafungua ukurasa wa kuingia, ukafunguka vizuri, nikalala. Kumbe fomu ya kuhifadhi chumba ilikuwa mpya na faili la kukokotoa bei lilikuwa la zamani. Hadi asubuhi, kila mgeni aliyechukua vyumba viwili alitozwa kimoja.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja, na majibu mengi ya hapa chini yanatokana nayo: laptopu yako isiwe sehemu ya mfumo wa mteja. Umeme wako, bando lako, toleo la PHP ulilonalo wewe, faili ulilolirekebisha jana ukalisahau, vyote hivyo havimhusu mteja. Toleo lipande zima au lisipande kabisa.

Halafu kuna safari. Ukiwa Mkoani kwenye msimu wa karafuu, au umekwenda Hijja, nani atapandisha? Kama jibu ni "watanisubiri", basi mteja wako hana mfumo, ana wewe.

3. Nasikia kuunganisha mfululizo, kuwa tayari mfululizo na kupandisha mfululizo. Ndiyo mambo yale yale?

Ni ngazi tatu za jambo moja. Kuunganisha mfululizo: kila mabadiliko yanaingia mapema kwenye tawi kuu, yaani nakala kuu ya msimbo, na mashine inayajenga na kuyajaribu kila mara. Kuwa tayari mfululizo: kila toleo lililopita majaribio liko tayari kwenda laivu, limebaki mtu kubonyeza kitufe. Kupandisha mfululizo: hata kitufe hakipo, likipita linapanda.

Kwa timu nyingi za hapa ngazi ya pili inatosha, tena inatosha kwa miaka. Usione haya.

4. Hii si ya makampuni makubwa?

Makubwa ndiyo yaliyoipigia debe. Mwaka 2009 wahandisi wa Flickr, tovuti ya kuweka picha, walisimama mkutanoni wakaeleza kwamba wanapandisha zaidi ya mara 10 kwa siku, na watu wengi hawakuamini. Lakini kilichowawezesha ni kwamba kila mara walipandisha kitu kidogo, na udogo hauhitaji mtaji. Ukipandisha mabadiliko ya mistari 20 kikaharibika kitu, unajua pa kutazama. Ukipandisha kazi ya miezi mitatu kwa mpigo, utatafuta sindano kwenye makumbi ya nazi.

## Vifaa na gharama

5. Nichague chombo gani?

Kile kilichoko pale unapoweka msimbo wako. Uko GitHub, tumia GitHub Actions. Uko GitLab, tumia mkondo wao wenyewe. Jenkins ni mkongwe, jina hilo amelibeba tangu 2011, ana nguvu na ni bure, lakini seva yake utailea wewe: masasisho, viongezo, diski kujaa. Mtu mmoja asijitwike Jenkins bila ya sababu.

Kubishana juu ya chombo ni starehe ya barazani. Weka kazi zote za maana ndani ya skripti zako (`jenga.sh`, `jaribu.sh`, `pandisha.sh`) na mkondo uwe unaziita tu. Ukihama chombo kesho unahama na skripti zako. Utazihitaji tena kwenye swali la 20.

6. Si itakula bando?

Itakuokolea. Ukijenga picha ya kontena (kifurushi chenye programu na kila inachohitaji ili iwake) kwenye laptopu yako na kuisukuma, ni mamia ya megabaiti. Ukisukuma mabadiliko ya msimbo peke yake ni kilobaiti chache, na ujenzi wote unafanyika kwenye mashine za huko, kwa intaneti yao.

Gharama ya mashine hizo pia si ya kutisha. Mpango wa bure wa GitHub unatoa dakika 2,000 kwa mwezi kwa ripo za faragha, na wa GitLab dakika 400. Mkondo wa dakika nne mara tano kwa siku ni dakika 20, yaani kama 600 kwa mwezi. Kwa hiyo GitLab zingekuishia kabla ya mwezi kumalizika, au ingekubidi uufupishe mkondo, jambo ambalo hata hivyo linafaa kufanywa.

7. Nimekodi nafasi ya cPanel tu, sina seva yangu. Nimekosa?

Hujakosa. cPanel ina sehemu ya Git: unaweka faili la `.cpanel.yml` kwenye ripo likieleza mafaili yapelekwe wapi. Haijaribu chochote, kwa hiyo majaribio yafanyike kwanza kwenye mkondo wa GitHub au GitLab. Ila FTP ya mkono iache. Sababu iko swali la 2.

8. Seva iko ndani ya ofisi ya mteja, Wete, nyuma ya ruta ya kawaida. Mkondo utaifikiaje?

Hautaifikia, na usijaribu kutoboa ruta. Geuza mwelekeo: seva ndiyo iulize. Skripti ndogo iliyopo juu ya seva, kila baada ya dakika 10, inatoka nje na kuuliza kama kuna toleo jipya. Likiwepo inalishusha kwenye folda ya pembeni, na mtandao ukikatika inaendelea pale ilipoachia (`curl -C -` inafanya hivyo). Likitimia inahakiki alama ya SHA-256, inayoonesha kama faili limefika zima bila ya kubadilika, na ikilingana tu ndipo inahamisha kiungo cha "toleo la sasa" kutoka folda ya zamani kwenda mpya. Hatua ya mwisho ni ya chini ya sekunde moja. Umeme ukikatika kabla yake, hakuna kilichoharibika; ukikatika baada yake, kazi imekwisha.

Mambo mawili husahaulika. Kwanza, hakikisha programu inajiwasha yenyewe umeme ukirudi. Nimeona seva imekaa siku mbili imewaka taa zote na programu haifanyi kazi, kwa sababu aliyeianzisha mara ya kwanza aliiandika kwa mkono kwenye dirisha la amri. Pili, seva iripoti nyuma: "nimeshika toleo 41". Kimya chake usikifasiri kuwa ni salama.

Kama unatumia kontena, panga tabaka vizuri: maktaba za nje zitangulie, msimbo wako uje mwisho. Seva itashusha tabaka zilizobadilika tu, na kwa mtandao wa ofisi nyingi za Pemba hiyo ndiyo tofauti ya dakika moja na saa nzima.

## Majaribio

9. Sina jaribio hata moja. Nianze wapi?

Anza na matatu, usianze na mia. La kwanza: programu inawaka? La pili: mtu anaweza kuingia kwa jina na nywila? La tatu: lile jambo moja linalomletea mteja pesa linafanyika hadi mwisho? Kwa hoteli ni kuhifadhi chumba, kwa duka ni kutoa risiti, kwa skuli ni kuandika alama ya mwanafunzi na kuisoma tena ikiwa vile vile.

Baada ya hapo, kila hitilafu inayofika laivu iandikie jaribio lake kabla hujaitengeneza. Baada ya mwaka utakuwa na majaribio yanayojua mahali hasa mfumo wako unapovunjika, na hakuna kitabu kitakachokupa orodha hiyo.

10. Kwenye seva ya majaribio naweza kuweka nakala ya data ya kweli?

Hapana. Najua inarahisisha. Lakini seva ya majaribio huwa na nywila ya "12345", kila mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ameshaingia humo, na sasa ndani yake kuna pasipoti za wageni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, amana ni amana. Tengeneza majina ya bandia.

Balaa jengine linalotokana na data ya kweli: seva ya majaribio inatuma SMS kwa wateja wa kweli. "Ndugu mteja, deni lako ni 999,999." Nisiendelee.

## Siku ya kupandisha

11. Nipange saa ngapi, na mbona mkondo wangu unapanda saa isiyo yake?

Hili ndilo lililonitia aibu kuliko yote. Nilikubaliana na meneja wa hoteli: usiku wa kuamkia Jumatatu, saa nane. Nikaandika `0 8 * * 1` kwenye cron, kipanga ratiba cha seva (dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki), nikaenda zangu. Toleo likapanda Jumatatu saa tano asubuhi, wageni wamejipanga mapokezi na mabegi yao wanafunga hesabu.

Makosa mawili yalikutana. Saa nane ya usiku kwa Kiswahili ni 02:00 kwa kompyuta, hilo moja. La pili, seva nyingi na huduma nyingi za mikondo husoma UTC, saa ya pamoja ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele yake. Kwa hiyo 02:00 ya hapa Jumatatu, kule bado ni Jumapili 23:00, na mstari sahihi ulikuwa `0 23 * * 0`. Saa ilikuwa si yake, na siku pia.

Kuna mtego wa tatu. Mzee wa Kizanzibari akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia Alhamisi baada ya magharibi, kwa kuwa siku inaanza jua likizama. Kijana wake aliyezoea simu anakusudia Ijumaa yenyewe baada ya magharibi. Wote wawili wamo katika grupu moja la WhatsApp. Kwa hiyo mpango uandikwe kwa tarehe na saa 24, na maneno "saa za Zanzibar" yawepo: "tarehe 14, 02:00, saa za Zanzibar". Seva iache kwenye UTC. Hapa hatubadilishi saa kwa misimu, tofauti ni tatu mwaka mzima.

Na nikiulizwa mimi, usiku wa manane uachwe. Tazama logi zako utafute saa ambayo watumiaji ni wachache na wewe uko macho, umekunywa chai, na watu wa kukusaidia wanapokea simu. Mkondo mzuri hauhitaji giza.

12. Ijumaa je? Ramadhani na sikukuu?

Ijumaa toleo dogo linaweza kupanda asubuhi mapema. Kuanzia saa tano hapana: likiharibika saa sita na nusu, kila unayemtaka yuko msikitini na simu yake imezimwa, kama inavyotakiwa.

Ndani ya mkondo weka faili la siku za kufunga, na mkondo ukatae wenyewe siku hizo. Krismasi na Mapinduzi ya Januari 12 ni rahisi, tarehe zake hazitembei. Idi ndiyo yenye mashaka kwa kuwa hujulikana mwezi ukiandama, usiku wenyewe. Mimi hufunga kuanzia Ramadhani 28 hadi sikukuu zimalizike, kwa mkono, kila mwaka. Kama mfumo wako ni wa kuuza tiketi za boti, anza kufunga mapema zaidi, maana wiki hiyo kila mtu anarudi kwao.

Marekebisho ya dharura yawe na mlango wao, unaofunguliwa kwa ridhaa ya watu wawili na kuandikwa sababu.

13. Toleo jipya limeharibika na watu wanapiga simu. Nifanye nini kwanza?

Rudisha toleo la nyuma. Usitafute kosa kwanza. Usiseme "nipe dakika tano". Rudisha, watu wafanye kazi, kisha kaa utafute kwa utulivu.

Hilo linawezekana kama uliliandaa. Weka folda ya kila toleo peke yake, ubakishe matano ya mwisho, na kurudisha kuwe ni kuhamisha kiungo kama kwenye swali la 8. Kwa kontena ni kutaja nambari ya picha iliyotangulia. Ndiyo maana kuipa picha jina la "latest" (ya karibuni) badala ya nambari sikupendi, jina hilo halikwambii ulikuwa wapi jana. Na kurudisha kuwe kitufe ndani ya mkondo ule ule, kinachofanyiwa mazoezi siku za salama. Kitufe ambacho hakijawahi kubonyezwa usikitegemee.

Kama toleo hilo liligusa muundo wa hifadhidata, soma swali la 15 kabla hujabonyeza.

14. Mteja akiwa katikati ya kulipa kwa simu, toleo likapanda, pesa zake zinakwenda wapi?

Zinaweza kukatwa kwake na zisionekane kwako, na ugomvi wake hauishi. Tiba ziko mbili, na zote zinahitajika. Kwanza, programu ya zamani isiuliwe ghafla: iambiwe iache kupokea maombi mapya, imalize yaliyomo mkononi, ndiyo ifungwe. Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena, kwa kawaida huisubiri sekunde 30 kabla ya kuizima kwa nguvu. Pili, majibu ya kampuni ya simu yakija mara mbili au yakichelewa, mfumo uyapokee kwa nambari ya muamala bila ya kuandika malipo mara mbili, na kila baada ya muda uulize wenyewe miamala iliyobaki njiani.

15. Msimbo narudisha nyuma, lakini hifadhidata?

Hapa ndipo penye kazi. Msimbo ni nguo, unavua na kuvaa. Data ni mwili.

Njia iliyozoeleka ni kuongeza kwanza, kupunguza baadaye. Tuseme mfumo wa skuli una safu moja ya "jina" na unataka kuigawa tatu: la mwenyewe, la baba, la babu. Usiibadilishe kwa toleo moja. Toleo la kwanza linaongeza safu tatu mpya na kuacha ya zamani ilivyo. La pili linaandika kote kuwili, na usiku linawajaza wanafunzi wa zamani kwenye safu mpya kidogo kidogo. La tatu linaanza kusoma kwenye safu mpya. Zikipita wiki kadhaa bila ya malalamiko, la nne linaifuta ya zamani. Kwenye hatua yoyote kabla ya ile ya nne unaweza kurudi nyuma toleo moja bila ya kupoteza jina la mtu. (Na utagundua wapo wenye majina manne, na wapo walioandika "Bin". Ndiyo maana hujafuta.)

Mabadiliko yote ya muundo yawe mafaili yenye nambari ndani ya ripo, yaendeshwe na mkondo. Anayeingia phpMyAdmin (ukurasa wa kuchezea hifadhidata moja kwa moja) kubadilisha safu kwa mkono anaharibu hesabu ya wote.

Kuhusu bakapu: ichukuliwe kabla ya kila toleo linalogusa muundo, na ijaribiwe kurudishwa. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta hifadhidata ya laivu akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipokwenda kwenye bakapu, ile ya kila siku ilikuwa haifanyi kazi muda mrefu na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua saa 6 kabla kwa kazi nyengine, na data ya saa hizo 6 ikapotea. Walieleza yote hadharani, jambo la kiungwana.

16. Nifanyeje kama sina uhakika, ila jaribio la kweli ni laivu tu?

Onjesha. Mpishi haimwagi chumvi sufuria nzima akangoja walaji wamwambie. Pandisha kwa tawi moja la duka, au hoteli moja kati ya saba, au asilimia 5 ya watumiaji, tazama makosa kwa saa kadhaa, kisha endelea. Au weka kazi mpya nyuma ya swichi: msimbo upo laivu lakini umezimwa, na unauwasha kwa mteja mmoja bila ya kupandisha chochote. Swichi za zamani zifute. Sababu iko swali la 21.

## Siri na ruhusa

17. Nywila za hifadhidata na funguo za malipo niziweke wapi?

Kwenye hazina ya siri ya mkondo au ya seva. Kamwe zisiingie kwenye ripo, hata ya faragha. Kama ziliingia, kufuta faili hakusaidii, kwa kuwa Git inakumbuka komiti zote za nyuma, yaani kila badiliko lililohifadhiwa. Badilisha ufunguo wenyewe, leo. Na mtumiaji ambaye mkondo unaingia naye kwenye seva asiwe root, mwenye ruhusa zote. Apewe folda yake na ruhusa ya kuanzisha upya programu hiyo moja, basi.

18. Mkuu wa ofisi anataka kusaini kabla ya kila toleo. Mkondo utamkubali?

Utamkubali. Hiyo ndiyo ngazi ya pili ya swali la 3: toleo linafika mlangoni na kusubiri. Anayeidhinisha anabonyeza, na mfumo unaandika nani, lini, toleo gani. Karatasi yenye muhuri haikwambii ni mistari ipi ya msimbo ilipanda siku ile, na hii inakwambia.

Ila mwambie kwa adabu kwamba akisafiri wiki mbili matoleo yatarundikana, na rundo ndilo linaloleta ajali (swali la 4). Ateue naibu.

## Mambo ya pembeni

19. Na app ya simu?

App ni mshale, ukiutoa haurudi. Kwenye Google Play huwezi kumrudisha mtu toleo la nyuma. Unaweza kusimamisha usambazaji uliokuwa ukienda kwa asilimia, kisha utoe toleo jipya lenye nambari kubwa zaidi. Kwa hiyo kuonjesha (swali la 16) hapa ni lazima.

Halafu kumbuka bando. Watu wengi wamezima masasisho ya wenyewe, na app yako ya miezi minane nyuma bado inazunguka Micheweni na Makunduchi. Seva iendelee kuielewa. Kabla ya kukata mlango wa zamani hesabu kwenye logi wangapi bado wanaupita.

20. Intaneti ikikatika kabisa na mkondo uko ng'ambo?

Si jambo la kufikirika. Mei 12, 2024 kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini na Afrika Mashariki ikajikongoja. Na waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wakati kebo ya umeme kutoka bara ilipokufa, hawahitaji kuelezwa.

Kama skripti ziko ndani ya ripo kama nilivyosema swali la 5, mtu aliyeidhinishwa anaweza kuziendesha kutoka mashine yoyote iliyo karibu na seva, kwa hatua zile zile. Weka nakala ya ripo na ya vifurushi vya mwisho hapa hapa nchini. Ukimaliza andika ulichofanya, ili mkondo ukirudi usipandishe toleo la zamani juu ya lako.

21. Mashine si itasambaza kosa kila mahali kwa haraka zaidi?

Itasambaza. Julai 19, 2024 sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makisio ya Microsoft, na viwanja vya ndege vikaandika majina ya abiria kwa kalamu. Faili lile lilikwenda kwa wote kwa wakati mmoja, bila ya kuonjeshwa.

Lakini mkono nao una yake. Agosti 1, 2012 kampuni ya hisa ya Knight Capital, Marekani, ilipandisha toleo jipya kwa mkono kwenye seva nane, na fundi akasahau moja. Seva hiyo ya nane ilikuwa na msimbo mkongwe uliofungwa nyuma ya swichi ya zamani, na swichi ile ile ilikuwa imepewa kazi mpya. Kwa dakika 45 hivi ilinunua na kuuza bila ya breki, hasara ikapita dola milioni 440. Ukinilazimisha kuchagua, nachagua kosa la mashine, kwa sababu nikilirekebisha ndani ya mkondo halirudi tena kwa njia ile ile. Mtu aliyechoka atasahau seva ya nane tena mwakani.

22. Nitajuaje kwamba tunaendelea vizuri?

Andika manne kwenye daftari: mnapandisha mara ngapi kwa wiki, mabadiliko yanachukua muda gani kutoka komiti hadi laivu, matoleo mangapi kati ya kumi yanaharibu kitu, na yakiharibu mnarudi hewani baada ya muda gani. Yatazame pamoja. Anayesifia la kwanza na kuficha la tatu anakudanganya.

23. Mteja haoni tena nikikesha. Anasema sifanyi kazi, anataka kupunguza malipo.

Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko swali lolote la kiufundi. Acha mkondo umwandikie: kila toleo likipanda aletewe ujumbe mfupi kwa Kiswahili cha kawaida, "Leo saa nne na robo: risiti sasa inaonesha jina la baba wa mwanafunzi." Wangu mmoja alianza kunipigia simu wiki ambayo hakuletewa kitu.